Fisi wa Mwamba

Doa lilikuwa jeupe, upana wake kama ukucha wa dole gumba, na jana halikuwepo.

Mwatime aliinama mbele ya tangi mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa upindo wa kanga, akatazama tena. Tumbawe la mama yake lilikaa palepale lilipowekwa siku familia ilipohamishwa Tanga na kuletwa huku Singida, matawi yake ya rangi ya asali yameinuka kama vidole vya mtu anayeomba dua. Kidole kimoja kilikuwa kimechunwa. Nyama yote imekwenda, umebaki mfupa. Na chini ya ule weupe, pale uhai ulipoanzia, alijibandika konokono.

Hakumjua. Konokono wote wa tangi lile aliwajua, wale wanaolamba kioo na wale wanaolala mchangani, maana aliwarithi pamoja na nyumba. Huyu alikuwa mdogo kama punje ya mahindi, gamba lake limejaa vinundu vilivyojipanga safu kwa safu, na alikuwa ametulia kama mgeni aliyekaribishwa chakula.

Mwatime akauliza, "Jicho, huyu nani?"

Kile kifaa cheusi juu ya tangi kiligeuza shingo, kikashusha mwanga. Kikajibu kwa sauti ya Mwana Esha, mama yake, ambaye alikuwa kaburini. Mamlaka ya Amana iliwarekodi wazee wa kila nyumba kabla hawajafa, ikasema ni zawadi kwa watoto.

"Mwatime mwanangu, huyu hatambuliki. Taarifa imekwenda."

Mama alipokuwa hai hakuwahi kutumwa kupeleka taarifa ya mtu. Mwatime alilitazama Jicho kwa chuki ambayo hakuweza kuitoa kwa sauti ile, akakaa kwenye kigoda.

Kila mtu mtaani aliijua sheria. Bahari ilikufa, walivyoambiwa, ikageuka sumu, na watu wa pwani wakapandishwa bara kwenye nchi ya alizeti na vumbi. Kila nyumba ikakabidhiwa tangi lenye kipande cha mwamba wake ikilee, mpaka bahari itakapopona. Siku hiyo kila mtu angerudisha alichokitunza, na yeye angerudishiwa kiwanja chake cha pwani. Amana kwa amana. Tangi likifa, na kiwanja kimekufa. Na likiingia kiumbe asiyetambulika, Mamlaka haibishani na mtu: chini ya mchanga wa kila tangi kuna chuma, na huko ofisini kuna mtu wa kukiwasha. Tangi la Mzee Saguti lilichemshwa kwa sababu ya mnyoo. Siku ile mtaa mzima ulinuka supu, na wajukuu zake, ambao hawakuwa wamefundishwa kuhuzunika, walikwenda jikoni kuchukua bakuli.

*

Bi Mashavu alikuja kwa sababu aliambiwa kuna konokono, si kwa sababu aliitwa. Nyumba ya Mwana Esha hakuwa anaipenda. Ujana wake aliumalizia juu ya mwamba, maji yakitoka yuko huko na kikapu, na ulimi wake ulikuwa mkali kama vile vitu alivyokuwa akivikanyaga. Alipokea shikamoo ya Mwatime akiwa ameshampita. Akasema ukumbi unanuka ukungu, akauliza kama siku hizi watu wa nyumba hii hawafagii, kisha akakunja mkono wa gauni, akautia tangini mpaka kwenye kiwiko.

Alimbandua yule konokono kwa kucha. Akamlaza chali kiganjani, akamtazama mdomo kama mtu anayenunua mbuzi. Uso wake ukabadilika.

"Mwanaharamu mkubwa we," akamwambia Mwatime. "Umemtoa wapi fisi?"

Mwatime akasema hajamtoa popote, amemkuta.

Bi Mashavu hakumwamini, na alichukua muda mrefu kumweleza jinsi asivyomwamini, akianzia kwa mama yake. Katika matusi hayo Mwatime akapata habari aliyoitaka. Huyo walimwita fisi wa mwamba. Hali kitu kingine ila tumbawe lililo hai, na haji peke yake, huja kundi. Wao wasichana wakimkuta walimponda kwa jiwe, papo hapo, bila kungoja mtu. Na ilipofika siku ya kuhama, ni wanawake waliofunga yale mabeseni kwa mikono yao, kila jiwe likageuzwa, kila tundu likachokolewa kwa njiti. Fisi hakupanda gari hata mmoja.

"Nani atamtia fisi zizini na mbuzi wake wamo?" akasema. "Na kama angepita mmoja, miaka yote hii angekuwa ameshatumaliza. Tazama huyu. Mtoto. Ukingo wa mdomo haujakomaa, mwembamba kama ganda la yai. Huyu ni wa mwaka huu."

Akainua kichwa ghafla, kama aliyesikia hodi.

"Kazaliwa wapi?" akauliza, safari hii si kwa kumtukana mtu.

Wote wawili wakageuka kuutazama mpira mweusi uliopita dirishani na kuishia tangini. Kila baada ya muda boza la Mamlaka lilisimama nje, likamwaga maji mapya, likaondoka na ya zamani. Maji hayo, walivyoambiwa, yalipikwa kiwandani, chumvi na maji ya kisima, kwa kuwa ya baharini ni sumu.

Bi Mashavu alisema polepole kwamba watoto wa fisi, kabla hawajaota gamba la kuonekana, huelea majini kama vumbi. Huwezi kuwaona. Chujio halikuambii kitu. Unateka tu ndoo yako baharini, nao wamo.

Baharini. Bahari yenye fisi ni bahari yenye matumbawe ya kuliwa na fisi.

Mwanamke yule aliyeogopwa na mtaa akajishusha kwenye mkeka, mkono wake ukichuruzika maji, na konokono bado yumo kiganjani.

"Mume wangu nimemzika kwenye vumbi hili," akasema. "Aliniomba nimrudishe. Nikamwambia, baba, turudi wapi, bahari imekufa. Nikamgombeza kabisa. Nikamwambia aache utoto."

Kisha akanyoosha mkono kutafuta kitu cha kumpondea yule mdudu. Mwatime akamshika kifundo cha mkono, jambo ambalo mtu wa umri wake hamfanyii mtu wa umri ule.

"Tukimuua tutaonyesha nini, bibi?"

Gamba tupu si ushahidi. Kila nyumba ilikuwa na kopo la magamba ya zamani, watoto walichezea bao. Aliyetakiwa ni huyu akiwa hai, akitambaa, mdomo wake mwembamba. Na ili awe hai ilibidi ale. Bi Mashavu alimtazama Mwatime, akalitazama lile tumbawe, akaelewa kinachosemwa. Akamrudisha fisi mezani kwake, juu ya tawi la asali.

*

Mbwana alifika baada ya alasiri. Alikuwa kaka wa Mwatime, mama mmoja baba mmoja, na koti lake lilikuwa la kijivu la wakaguzi wa Mamlaka. Alivua viatu mlangoni kama walivyolelewa. Akamuuliza Mwatime kama amekula, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba taarifa ya Jicho imemfikia yeye kwanza, bahati njema, na ameizuia. Hakuna la kuogopa. Atamponda mdudu, ataandika kwamba lilikuwa kokoto lililolichanganya Jicho, na kesho tangi litakuwa kama kawaida.

Mbwana akainama kwenye kioo.

"Ee, ndiye," akasema. "Mponde haraka, mdogo wangu. Hawa ukiwaachia hawabakizi. Huko kusini mwaka huu wameuchuna mwamba mzima."

Pampu ya hewa ilitoa mapovu. Nje mtu alikuwa anapepeta alizeti, ungo unakwenda shaa, shaa.

"Mwamba gani?" Mwatime akauliza.

Mbwana alibaki ameinama. Mgongo wake ndio uliojibu kabla ya mdomo, ulivyokakamaa ndani ya lile koti. Alipogeuka alikuwa ameshachagua sauti ya ukubwa, ile ya kumweleza mtoto kwa nini hawezi kwenda safari. Akasema asikilize vizuri. Bahari ilianza kupona zamani, na yeye hakujua, alijua alipopanda cheo. Lakini pwani haiko kama walivyoiacha. Imejengwa. Kuna nyumba za vioo zimesimama juu ya maji kuanzia mdomo wa mto mpaka upeo wa macho, na zina watu, na watu hao wana hati. Mwamba sasa ni bustani yao. Na hawa wa huku wana shule, wana zahanati, wana kinu cha mafuta. Wakiambiwa leo kwamba bahari ipo, kesho watafunga mizigo. Watafikia wapi? Watalala kwenye ngazi za nani?

"Pwani ina wenyewe, Mwatime."

"Wenyewe ni sisi."

"Mambo yamekwisha. Ninachofanya ni kukulinda."

Alisema hivyo kwa upole, na ule upole ndio uliomwasha Mwatime. Hasira yake ilikuwa imekaa siku nzima kama maji kwenye sufuria, haivumi. Sasa ilivuma. Akamuuliza kama anakumbuka alivyokufa mama yao. Mbwana akasema hayo yaachwe. Mwatime akasema hayaachwi. Mama alilala hapa ukumbini, kando ya tangi, akitaka jambo moja tu: kutia miguu baharini. Hakutaka daktari, hakutaka uji. Na Mbwana akachovya kitambaa tangini, akapiga magoti, akamfuta nyayo mpaka akalala, na watu wote waliokuwepo wakasema huyo ndiye mtoto.

"Ulikuwa unajua," Mwatime akasema. "Ungemtia garini. Ni safari ya siku moja. Ulikuwa unajua, ukamfuta kwa kitambaa."

Mbwana alifumba macho. "Yalikuwa maji ya bahari," akasema. "Wallahi, Mwatime. Yalikuwa ya bahari kweli."

Labda alidhani hilo litamfariji. Mwatime alimwangalia, mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akaona hamjui zaidi ya alivyomjua yule konokono. Akaenda mlangoni, akaviokota viatu vyake, akavitupa barabarani kimoja kimoja. Vumbi likaruka.

"Kavae hukohuko."

Alitoka na soksi. Barazani aligeuka, na sasa hakuwa na sauti ya ukubwa wala ya upole. Akamwambia taarifa anaweza kuizuia mpaka kesho adhuhuri, si zaidi. Ikifika adhuhuri na Jicho bado linamwona mdudu, au likikosa kumwona na maiti yake haipo, litaipeleka juu lenyewe, na chuma kitawashwa. Na kama atapeleka maneno kwa majirani, basi kila tangi lililokunywa maji ya boza lile litachemshwa pamoja na lake, na ajue kwamba atakuwa amewachemshia yeye.

*

Asubuhi alisimama mbele ya tangi na nyundo ndogo ya kuvunjia mkaa.

Njia rahisi ilikuwepo, na ilikuwa rahisi kweli. Pigo moja, na fisi ni uji. Tumbawe lingeota nyama tena. Kiwanja chao kingebaki kwenye hesabu za Mamlaka, ingawa sasa alijua ni kiwanja cha kuota usingizini. Majirani wangeendelea kulisha matangi yao na kuzeeka kwa amani. Nani angemlaumu? Hakuna mtu anayelaumiwa kwa asichokisema. Ndivyo Mbwana alivyoishi, na alikuwa amenenepa.

Tumbawe zima halikubebeka. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa limejishika kwenye jiwe la chini likawa kitu kimoja na sakafu ya tangi. Mama yake ndiye aliyelikata kwenye mwamba uliokabili nyumba yao, akalikumbatia njiani kote, akakataa kulishusha hata kwa kujisaidia. Mwatime aliweka mkono juu yake majini. Lilikuwa na utelezi na uvuguvugu kidogo, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Nisamehe," akasema, na hakujua anamwambia nani. Akagonga.

Tawi lenye fisi likakatika.

"Mwatime mwanangu," sauti ya mama yake ikasema, "tumbawe limevunjika. Taarifa imekwenda."

Akalitia tawi kwenye karai la maji ya tangi, akalifunika kwa kanga, akatoka bila kufunga mlango.

Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mtoto wa Zuwena, nyumba ya nne kutoka kwake. Wapwani wa mtaa ule walikuwa na desturi waliyoianzisha wenyewe huku bara: mtoto akitolewa nje, kila nyumba huja na kikombe cha bahari yake, na vikombe vyote humwagwa tangini kwa mzazi, ili mtoto akue katika maji ya watu wote. Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, vikombe mapajani, udi unafuka. Mwatime aliweka karai katikati yao, akafunua.

Tangi la Zuwena lilikuwa karibu, na Jicho lake, lenye sauti ya babu mmoja mpole, likainama kutazama. "Wajukuu zangu, huyu hatambuliki."

Wanawake wakaliruka karai, mikeka ikabaki wazi katikati. Zuwena alimnyakua mtoto wake, akasimama mbele ya tangi amefungua mkono mmoja kama anayemzuia mwizi, akamuuliza Mwatime amemkosea nini hata amletee kifo siku ya mwanawe. Wengine walifunika vikombe kwa viganja. Mwatime, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu hata harusini kwake, aliwaambia yote akiwa amepiga magoti, macho kwenye karai: doa, boza, Mbwana, nyumba za vioo. Hakuacha lile baya. Aliwaambia kwamba kwa kuyasikia haya matangi yao nao yanaweza kuchemshwa, kwamba alijua hivyo alipokuwa anakuja, na amekuja.

"Mwongo," mtu mmoja akasema. "Huyo ni kitu cha viwandani."

"Fisi," ikajibu sauti kutoka kwenye pembe.

Alikuwa mwanamke aliyekuwa hasemi siku hizi, akili imemchoka. Alikuwa amejisogeza mpaka kwenye karai. "Fisi wa mwamba," akasema, na akacheka kama msichana. Wa pili akainama, akasema ndiye. Wa tatu akasema aliwaponda wengi kama huyu, kovu la mguuni ni la siku mojawapo. Jicho likarudia kwa upole kwamba hatambuliki, na Bi Mashavu akalivulia kanga ya mabegani akalifunika nayo uso.

Hapo ndipo harufu ilipoingia.

Ilikuja na upepo, tamu, nzito, harufu ya supu ya pweza na chaza na kila kitu. Adhuhuri ilikuwa bado. Mbwana hakungoja, au hakungojewa. Wanawake wakatazama dirishani, wakaona mvuke unatoka katika nyumba ya Mwatime. Sauti ya Mwana Esha ilivuka barabara, imetulia kama ya mtu anayeita watoto kula.

"Maji yamepata moto, mwanangu. Kaa mbali na kioo."

Mwatime hakusimama. Aliishika pembe ya karai mpaka vidole vikafa ganzi, akasikiliza sauti ile ikirudia na kurudia, mpaka kitu kikapasuka kule ndani, nayo ikakatika. Hakulia. Machozi aliyaona ni kitu ambacho Mamlaka ingekipenda.

Zuwena ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa bado amesimama mbele ya tangi lake, lakini mkono ulikuwa umeshuka. Akauliza fisi huyo atapelekwa wapi.

"Kwao," Mwatime akasema. "Na mimi nitakwenda naye, kwa miguu kama magari yatanikataa. Nimwachie mlangoni kwa hao wenye vioo, wanieleze alifikaje kwangu."

Mwanamke mmoja akasema, si kwa ubaya, kwamba lile tawi halitafika. Fisi ameshalichuna nusu. Akimaliza atakufa kabla ya Dodoma, na watabaki na gamba kama magamba mengine.

Kila mmoja alijua jibu liko wapi, lilikuwa linang'aa nyumbani kwake nyuma ya kioo, na kila mmoja alilitumikia tumbawe lake kuliko alivyomtumikia mumewe.

Bi Mashavu akanyanyuka, akatoka. Walidhani amekasirika. Tangi lake lilisifika kuliko yote mtaani, na hakuwahi kutoa hata kijipande. Mabibi harusi waliomba kimoja cha kuanzia maisha, wakarudi mikono mitupu na matusi. Aliporudi alikuwa ameloa kifua kizima, na katika upindo wa gauni alibeba kitu kizito, cha zambarau, kinachodondosha maji. Watoto wa nje walimfuata kimya.

Alichuchumaa mbele ya karai. Alikizamisha kile kipande taratibu, kama anayemlaza mtoto, karibu kabisa na mdomo wa yule adui ambaye yeye alimpondaponda ujana wake wote.

"Kula, mlaaniwa," akamwambia. "Safari ni ndefu."